Sifa za Ng'ombe

Kabatesi, mfagiaji wa studio ya video, ndiye aliyeiona kwanza taa ya flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta: kila ilipopepesa, video ya harusi ilikwama.

Kwenye kioo cha kompyuta, babu wa bibi harusi, aliyezikwa juzi, alikuwa akisifu ng'ombe wa mahari. Alibaki kinywa wazi, jino moja nje, akaruka maneno matatu, akakwama tena.

"Bon, kamera iliharibu. Naikata sehemu hii," bosi alisema.

"Usikate, bosi. We unaichezea kwenye flashi. Nakili kwanza ndani ya mashine yenyewe."

"Mwalimu wa ufagio!" bosi alicheka. Hata hivyo akainakili.

Safari hii babu akasifu ng'ombe wote, mmoja baada ya mwingine, bila kukwama.

"Eeh! Nikupe nini?" bosi aliuliza.

Miaka miwili Kabatesi alikuwa akifagia kuzunguka kiti cha bosi, akimtazama akihariri video.

"Nataka kukikalia hicho kiti," alisema.