Mlango wa Nungunungu

Enzi wanyama walipotumiana habari, kila ujumbe wa bondeni ulipitia kwanza mlangoni kwa Nungunungu, ndipo Chiriku aubebe. Neno lolote la kutisha halikupita.

Sange, mdadisi mwenye pua ndefu, alinusa mvua kubwa milimani, akatuma: "Mafuriko yanakuja!" Ujumbe ukarudishwa. Akatuma tena: "Maji yatatuua!" Ukarudishwa. Badala ya kununa, akaenda kuuliza.

"Mzee, kwani hapa hupita nini?"

"Salamu na mialiko."

"Na wewe unaisoma?"

"Kusoma ni kwenu. Kwangu ni kuchuja."

Sange akacheka moyoni, akatuma: "Leo karamu kilimani. Karibuni nyote, na watoto." Ukapita bila kuguswa, na bonde zima likapanda.

Jioni maji yakafika. Nungunungu, peke yake shimoni, akapiga ukelele: "Chiriku! Wapelekee habari! Mafuriko! Nakufa!"

Chiriku akamchungulia kutoka mtini. "Samahani, mzee. Maneno hayo umeyakataza mwenyewe."

Maji yalipomfika kidevuni, Nungunungu akameza mate. "Basi waambie nawasalimu sana. Nawaalika kwangu, sasa hivi. Waje na kamba."