Uji wa Miezi Minne

Oliva alikuwa akimlisha mwanawe kijiko cha tatu cha uji simu ilipoanza kulia mfululizo pale mkekani. Kwenye kundi la kina mama la mtandaoni, mwanamke mmoja wa Majengo alikuwa ameandika: "Jamani, wangu ana miezi minne. Maziwa hayatoki. Nimeanza kumpa uji mwepesi."

Hakuna aliyewahi kuandika kwamba kumpa mtoto uji kabla ya miezi sita ni jambo lisilosemwa kundini. Kila mtu alilijua tu.

"Uji? Mpe na kande basi, ashushie na soda!"

"Mwenzetu, huyo umemzaa au umemwokota?"

"Msimamizi, mtoe huyu, atatuharibia wengine."

Wa Oliva naye alikuwa na miezi minne. Tangu ahamie Ruhuwiko, mume akiwa Tunduru kwenye korosho, wanawake wale mia mbili ndio pekee waliomuuliza kila asubuhi ameamkaje. Majirani hawakujua hata jina lake.

Uji ulikuwa umemgandia kidole gumba. Akaufuta kwenye kanga, akaandika: "Dada, usilie. Hata mimi nampa." Akayatazama maneno hayo muda mrefu, kisha akatuma.

Ujumbe wake ukatua chini ya mstari mdogo wa kijivu. Msimamizi alikuwa ameshamtoa yule wa Majengo.

Oliva akasubiri. Wakausoma thelathini, wakausoma sitini.

Kisha juu ya kioo yakatokea maneno: msimamizi anaandika.