Tyuna Tatu za Abdulkarimu

“Zima hiyo,” Ndizeye alisema, na fundi hata hajatoa mkono kwenye kitufe.

Fundi Abdulkarimu akazima. Mzee Ndizeye, wa Bukiriro, alikuwa ameingia dukani kwake Ngara mjini tangu saa tatu, akaitikia shikamoo nusunusu, na mpaka sasa hajakubali kiti. Tyuna aliyoikataa, kisanduku cha kunasia stesheni za redio, ilikuwa ya Kijapani, ya miaka ya sabini, yenye mbao ubavuni na kioo cha taa ya kijani. Ilikuwa imeishika redio ya ng'ambo ya mpaka, kule mwisho kabisa wa masafa, bila mkwaruzo.

“Mzee, stesheni uliyoitaka si hii?”

“Ndiyo hii. Nionyeshe tyuna nyingine.”

Ndizeye hakuwa na wazimu. Binti yake Ineza alikuwa ametuma kutoka Mwanza amplifaya na spika mbili zinazomfika mtu kiunoni, ikabaki tyuna tu, na mkewe Dafroza alikuwa akihesabu siku. Alitaka kwaya zimfuate mpaka kwenye migomba. Taabu ilikuwa tangazo ambalo Ndizeye alilisikia kwenye redio ya mashine ya kusaga Jumamosi mbili zilizopita. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, redio ile ya ng'ambo husoma majina ya watu waliopotezana wakati wa vita. Siku hiyo ilisema kwamba Hategekimana, mzima wa afya, anamtafuta mkewe Dafroza.

Hategekimana alikuwa amekufa. Ndivyo walivyojua wote: alizama mtoni Ruvubu mwaka ule wa kukimbia vita, ndoa yake na Dafroza ikiwa na miezi mitano. Dafroza alimlilia katika kambi ya wakimbizi miaka mitatu kabla hajakubali hata kumtazama Ndizeye, na padri akawafungisha ndoa kwa kuwa yule wa kwanza ni marehemu. Miaka ishirini na minane, watoto wanne, kahawa na migomba, vyote vilisimama juu ya kifo hicho. Na sasa marehemu anatangaza redioni.

Tangu hapo chakula kilimpita Ndizeye kooni bila ladha. Alipata faraja moja tu. Wiki iliyopita, mwanzoni mwa Novemba, Dafroza alipoandika majina ya marehemu wa kuombewa kanisani, jina la Hategekimana hakuliandika, na miaka yote huwa la kwanza. Amemsahau, Ndizeye alijiambia. Asiyekuwapo na lake halipo.

Basi alichokitafuta ni tyuna isiyoishika redio ile, na alikitafuta upesi. Dafroza alikuwa sokoni akimalizia kuuza maharage yake, na alishasema atapitia dukani asikilize mwenyewe.

Tyuna ya pili ilikuwa ya rangi ya fedha, yenye mshale mpana. Kule mwisho ilikoroma, Ndizeye akaanza kupumua, lakini fundi akauvuta waya wa antena mpaka dirishani na sauti ikanyooka. Ndizeye alitamani kumnasa kibao.

“Na ile nyeusi?”

“Ile imechoka, mzee. Stesheni yenye nguvu inaikamata, ya mbali haioni.”

Akaiwasha kumthibitishia. Mwanzo wa masafa kwaya ilisikika vizuri. Kule mwisho kulikuwa na mvumo mtupu, hata waya ulipofikishwa dirishani. Ndizeye akakaa kitini kwa mara ya kwanza tangu afike.

“Nifungie hiyo.”

“Hiyo sikuuzii. Kesho utasema Abdulkarimu amekuibia.”

“Mimi ndiye ninayeitaka.”

“Basi chukua hii ya mbao kwa bei ya hiyo mbovu. Mteja wangu hatoki hapa na takataka.”

Wapo watu wema wanaochosha kuliko wezi, na Ndizeye alikuwa amempata mmoja. Walikuwa bado wakivutana Dafroza alipoingia, gunia tupu kwapani. Fundi alimwamkia, kisha akamshtaki mzee hapo hapo.

“Mama, nisaidie. Mzee anaacha ndizi anachukua maganda, ile nyeusi isiyoshika stesheni za mbali. Sikiliza, uamue wewe.”

“Mama Ineza, twende,” Ndizeye alisema akiinuka. “Tutarudi wiki ijayo.”

“Nimepanda kilima chote hiki na goti langu hili,” Dafroza alimjibu. “Niache nisikilize.”

Abdulkarimu akaiwasha ile ya mbao, mshale ukiwa pale pale mwisho. Saa nne ya Jumamosi hiyo ilikuwa imepita kwa dakika chache. Mwanamke wa redioni alikuwa akisoma majina kwa Kirundi, lugha ambayo fundi haijui. Jina la tatu lilikuwa la Dafroza. Mumewe Hategekimana anamtafuta, alisoma. Yuko kwao kilimani, hajaoa mwingine, anayemfahamu mama huyo amfikishie habari.

Ndizeye alitazama sakafu. Akarudi kitini, na hakuthubutu kuinua uso kumwona mkewe.

“Umesikia, mama?” fundi aliuliza kwa fahari. “Utadhani mtu yuko humu ndani.”

“Nimesikia.”

Dafroza alilikunja gunia lake, akalikunja tena mpaka likawa dogo. Kisha akamwinamia mumewe na kusema kwa Kirundi, polepole:

“Redio ya jirani nayo inashika hivi hivi. Leo ni Jumamosi ya nne nasikiliza mpaka mwisho. Mlipe fundi, Baba Ineza, tuchukue ile nyeusi.”