Doa la Masizi

"Tulia basi, usinitie aibu mbele za watu," Fundi Saa alimwambia kondoo, huku akimpaka masizi katikati ya paji la uso.

Walikuwa nyuma ya bucha, kwenye kibanda ambamo kondoo husubiri zamu yao. Mwenye bucha alisimama mlangoni akijifuta mikono kwenye aproni, akitazama kazi.

"Sogeza juu kidogo," akashauri. "Doa la jana lilikuwa karibu na jicho."

Mzee alikuwa amerekebisha saa maisha yake yote, na mkono wake haukutetemeka. Lakini kondoo si saa. Kondoo ana kichwa chake.

Kondoo wa kwanza ambaye mzee alimwazima hapo bucha alikuwa amezaliwa na doa jeusi. Huyo alishakwenda kule waendako kondoo wote wa bucha. Aliyemfuata hakuwa na doa, wala aliyekuja baada yake. Kwa hiyo kila alasiri mzee hukwangua masizi chini ya sufuria yake, akayafunga kwenye karatasi, akaja nayo mfukoni kama mganga.

"Si umwambie tu ukweli?" mwenye bucha akasema. "Siku hizi kondoo wangu wanatembea mjini kuliko mimi."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Siku nitakayochoka kuongea naye."

Mambo yalianzia kwenye foleni ya mkate. Dirishani ulionekana uwanja wa mtaa, kile kipande cha nyasi kilichobaki katikati ya maghorofa, ambapo kila mkazi ana ruhusa ya kulisha mnyama wake. Mbele ya Fundi Saa alisimama mjane mmoja mshona mapazia, na mtaa mzima ulimwita Mama Pazia. Mzee hakuwa amezungumza na mtu tangu asubuhi, wala jana yake. Tangu mkewe atangulie, ni saa tu zilizokuwa zikimsemesha. Akamwona mama wa watu anawatazama kondoo nje na kutabasamu. Ulimi nao hauna mfupa.

"Mmoja pale ni wangu," akasema.

Mama Pazia akageuka taratibu. Akamtazama mzee, akatazama dirisha, akamtazama tena.

"Hata mimi ninaye," akajibu. "Basi kesho tuonane malishoni."

Mzee hata mkate hakununua. Alikwenda moja kwa moja bucha.

Toka hapo wakawa watu wa malishoni. Mama Pazia huja na kondoo aliyefungwa kitambaa cha kijani shingoni, kibakizo cha pazia la mtu, na kwa kitambaa hicho Fundi Saa humtambua tangu mbali. Huja pia na chupa ya chai na vikombe viwili. Akiona kifungo cha koti la mzee kinaning'inia, hukishona pale pale, koti likiwa mwilini, na uzi huukata kwa meno. Mzee naye alimfufulia saa ya ukutani iliyokuwa kimya tangu enzi za marehemu mumewe.

"Kondoo akishiba," mzee alisema siku moja kwa sauti ya mjuzi, "hulalia ubavu wa kushoto."

"Wangu hivyo hivyo," Mama Pazia akaitikia. "Wa kulia haugusi."

Siku nyingine manyunyu yaliwakuta. Masizi yakachuruzika mpaka kwenye pua ya kondoo.

"Anatoka jasho," mzee akawahi kusema.

Mama Pazia akalitazama lile jasho jeusi. "Maskini. Wangu hutoka jingi kuliko hilo." Akatoa leso yake safi, akampangusa pua polepole, kama anamwandaa mtoto kwenda shule.

Wema huo ndio uliomnyima mzee raha. Tena alikuwa amemsikia kwa masikio yake, siku Mama Pazia alipokuwa akikaza kamba ya kondoo wake, macho yakiwa chini. "Njia ya mwongo ni fupi, fundi," alisema. "Akishajulikana, huo uso ataupeleka wapi?"

Fundi Saa alijua atakapoupeleka. Chumbani, kwenye saa zake.

Alasiri hiyo, walipotoka bucha, doa lilikaa mahali pake. Walikuwa kwenye benchi, chai imeshamiminwa, mzee alipoona aproni nyeupe ikikata uwanja kuja upande wao. Mwenye bucha alitembea kama mtu aliyeacha mteja dukani.

Amemfuata mnyama wake. Leo. Mbele ya Mama Pazia.

"Nakuja," mzee akasema, akiweka kikombe chini. "Nadhani nimeacha redio inaimba."

Hakufika mbali. Aliishia kwenye tangi la maji lililokuwa nyuma ya benchi, akajibanza hapo, akafumba macho.

"Mama, samahani," alisikia sauti ya mwenye bucha. "Nimekuja kumchukua kondoo wangu. Mteja amesimama dukani."

Mzee akasubiri kusikia jina lake likitajwa. Alikuwa ameshauona mkate wa mtu mmoja mezani, na saa zote zikigonga kwa ajili yake peke yake.

"Basi fanya haraka kabla hajarudi," Mama Pazia akasema. "Na hicho kitambaa changu cha kijani kifungue, nitamvalisha huyo wa kesho."

"Si umwambie tu ukweli, mama?"

"Nimwambieje? Mzee wa watu anapenda kondoo kuliko kitu chochote duniani. Akijua sina hata mkia wa kondoo, tutaongea nini?"