Ukili Mweupe

Wanawake wa mtaa walikubaliana kushona mkeka mmoja. Kila nyumba ingeleta ukili wake, utepe wa miyaa uliosukwa kwa rangi ya kile nyumba hiyo ilichopoteza wakati bahari ilipopanda hadi bondeni. Bi Shangwe alileta buluu ya kisima chake kilichoingiwa na chumvi. Jirani yake alileta kijani cha minazi. Mwanakheri, ambaye shamba lake la mpunga lilikuwa limegeuka tope la chumvi, akafungua kanga na kutoa ukili usiotiwa rangi kabisa.

Mtaani kwao, mkeka mweupe ulikuwa wa kumlazia maiti.

"Mwenzetu, umeishiwa rangi au akili?" aliuliza Bi Shangwe. "Mkeka wa kukalia huu. Unatuletea msiba."

"Msiba wameuleta wenye viwanda vyao huko ng'ambo, moshi wao ukaipandisha bahari, wakatutumia pole na magunia ya unga," alisema Mwanakheri bila kupaza sauti. "Shamba la mama yangu limekufa, dada. Hata mbuzi akifa watu huuliza. Hili nani amelililia?"

Akaanza kuukunja ukili arudi nao kwake. Bi Shangwe akamshika mkono, akauchukua ule ukili, akachomeka sindano na kuushona katikati, kati ya kisima na minazi.

Mkeka ulipotandikwa walivua viatu, wakakaa pembezoni magoti yakigusana. Hakuna aliyeukalia ule mstari mweupe.

"Shamba lile lilikuwa karimu," alisema Bi Shangwe, akiutazama. "Halikuwahi kutunyima."

"Endelea," alisema Mwanakheri.