Kijiko cha Baba

Mara ya saba binti akafagia nyuzi zote sita za gitaa la umeme, mkono ukishuka mfululizo toka uzi mnene hadi mwembamba, halafu ukapanda. Kila sauti ilitoka peke yake, safi, na ukuta haukugongwa.

Ndivyo baba alivyokuwa akimfundisha tangu kiharusi kimnyang'anye ulimi na mkono wa kulia. Alilala chumba cha pili, kijiko mkononi, masikio yake bado ya mpiga solo. Kidole cha binti kikichelewa kuinuka, nyuzi mbili zikalia pamoja, kijiko kiligonga ukuta: ko! Maana yake, rudia. Asubuhi alimgongea mara arobaini, mpaka binti akapiga kelele, "Baba, hebu pumzika na mimi nipumue!"

"Sasa umemkomesha," mama alisema kutoka jikoni, akicheka. "Hata ko moja!"

Binti naye akacheka. Akafagia tena, haraka zaidi. Ncha za vidole zilimwaka moto, alama za nyuzi zimechimbika kwenye ngozi.

Ndipo kicheko kikamkauka. Kidole cha pete kilikuwa kimechelewa, pale mwishoni. Kidogo tu, lakini baba asingemwachia.

Akalegeza vidole vyote makusudi, akafagia. Nyuzi sita zikalia kwa pamoja, fujo tupu, kama sufuria zilizoporomoka kabatini.

Akasubiri.

"We mwanangu, ndiyo nini hiyo?" mama akauliza.

Akafagia tena, vibaya zaidi, kwa nguvu zake zote.