Ndevu za Kinyozi

Kinyozi alipogeuka kumkaribisha, mchoraji aliganda mlangoni, begi la safari bado begani. Rafiki yake alikuwa na ndevu hadi kifuani.

"Kulikoni, ndugu yangu?"

"Si uliniambia nisinyoe mpaka umalize picha yangu?" Akazikung'uta nywele za wateja zilizonasa humo. "Nimechekwa mwaka mzima, eti kinyozi hajinyoi. Shemeji yako kanihamishia sebuleni. Lakini ahadi ni deni."

Mchoraji akakumbuka. Alilisema neno hilo huku akisuuza brashi, kisha zikaja safari, maonyesho na marafiki wa ugenini, likamtoka kichwani. Picha aliimalizia hukohuko, kwa kukumbuka tu. Ilikuwa begini, zawadi aliyokuja nayo: uso uleule, ndevu fupi za siku ile.

Akazitazama hizi ndefu. Katikati ulishuka mchirizi mweupe wa mvi asioujua.

"Imebaki kidogo," akasema, akilitua begi na kulisukumia chini ya benchi kwa mguu. Akatoa penseli na karatasi mpya. "Kaa hapo. Wembe usiuguse kwanza."

Kinyozi akakalia kiti cha wateja, akainua kidevu.

"Usifanye haraka," akasema.